Santuri ya Vashti Bunyan na Nyimbo Nne Zilizoongezwa

Mwezi wa Desemba 1970 kampuni ya Philips ilitoa huko Uingereza santuri ndefu yenye nyimbo 14, jina lake *Just Another Diamond Day*. Mtungaji na mwimbaji wake, Vashti Bunyan, alikuwa na umri wa miaka 25. Walioinunua walikuwa wachache, walioandika habari zake wachache zaidi, na mwimbaji mwenyewe akaliweka gitaa lake pembeni, asitoe santuri nyingine kwa muda wa zaidi ya miaka 30. Katika muda huo nakala chache zilizobaki zikawa zatafutwa na wakusanyaji kwa bei kubwa, kama yatafutwavyo mawe ya thamani, lakini mtu wa kawaida hakuwa na njia ya kuisikia kazi hiyo ila kwa bahati. Mwaka 2000 kampuni ndogo ya Spinney ikaitoa tena kwa diski, na mwisho wa zile nyimbo 14 ikaongeza nyimbo nne ambazo hazikuwamo katika santuri ya asili. Hizo zimerekodiwa bila vishindo vya ala nyingi.

Jambo la kuongeza nyimbo katika toleo jipya limekuwa desturi ya biashara, na aghalabu halistahili kujadiliwa. Mwenye duka hutaka mnunuzi aone kwamba amepewa zaidi ya fedha yake. Lakini katika kazi hii jambo lenyewe ni zito, kwa sababu nyimbo tatu kati ya hizo nne zilirekodiwa miaka kadhaa kabla ya santuri kutungwa, na mtu aziimbaye katika hizo tatu si yule yule aziimbaye zile 14. Basi yafaa kuuliza kama nyongeza hii imemfaidi msikilizaji au imeharibu kitu kilichokuwa kimekamilika.

Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hawatalishangaa swali hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalikusanywa na watu wa baadaye, wala hayakupigwa chapa kuwa diwani ila mwaka 1940, karibu miaka 100 baada ya mshairi kufariki. Na kila aisomaye diwani hiyo amsoma Muyaka kwa mpango wa mkusanyaji, si kwa mpango wa Muyaka. Mhariri anayeliweka shairi moja baada ya jingine amekwisha kutoa tafsiri, hata kama hakuandika neno la maelezo. Tofauti iliyopo hapa ni kwamba santuri ya 1970 ilikuwa na mpango wake tangu mwanzo, na mpango huo una maana.

Maana yake yatokana na safari. Vashti Bunyan alizaliwa Newcastle upon Tyne mwaka 1945, akakulia London, akasoma sanaa ya uchoraji Oxford. Alipokuwa na miaka 18 alikwenda New York, akasikia nyimbo za Bob Dylan, akaazimia kuwa mwimbaji. Mwaka 1965 Andrew Loog Oldham, aliyekuwa meneja wa kundi la Rolling Stones, alimtolea santuri ndogo yenye wimbo uliotungwa na Mick Jagger na Keith Richards. Haikuvuma. Nyingine zilirekodiwa, baadhi zikatolewa na baadhi zikafungiwa kabatini. Mwaka 1968 yeye na mwenzake Robert Lewis wakaondoka upande wa London kwa gari la kukokotwa na farasi, pamoja na mbwa wao, wakielekea kaskazini hata kisiwa cha Skye, ambako mwimbaji Donovan alikuwa amenunua ardhi akitaka wasanii waishi pamoja. Safari hiyo, ambayo kwa treni ingechukua siku moja au mbili, ilichukua sehemu kubwa ya miaka miwili. Walipofika, ile jamii waliyoitarajia ilikuwa karibu imekwisha kutawanyika. Wakaendelea mbele hata Berneray, kisiwa kidogo cha Hebrides ya Nje.

Nyimbo zilitungwa njiani, baadhi ya maneno yakitungwa pamoja na Robert Lewis. Ndiyo sababu santuri haina wimbo unaoieleza safari kwa jumla. Kila wimbo ni kituo kimoja cha safari hiyo. Mara ni vimulimuli usiku, mara mbayuwayu, mara mto, mara farasi aitwaye Bess akihimizwa aende mwendo wake, mara dirisha linalotazama ghuba, mara wavuvi baharini. Mwishoni mwa 1969 Joe Boyd, Mmarekani aliyekuwa akisimamia kazi za Nick Drake na Fairport Convention, alimwingiza studio ya Sound Techniques mjini London, akamkusanyia wapigaji: Dave Swarbrick na Simon Nicol wa Fairport Convention, na Robin Williamson wa Incredible String Band. Robert Kirby, yule aliyepanga ala za nyuzi katika *Five Leaves Left* ya Nick Drake, akapewa nyimbo tatu azipangie fidla na filimbi za mbao.

Wimbo wa kwanza ndio uliobeba jina la santuri, na wastahili kuangaliwa kwa utulivu kuliko nyingine zote. Ni mfupi mno. Hauna kisa. Wataja vitu vichache vya shambani: jani moja la nyasi, farasi wapitao, shamba la kulimwa, mbegu, na watoto wanaokula. Vitu hivi vimepangwa bila kuunganishwa kwa vitenzi vikubwa, na vingi vimetanguliwa na lile neno dogo la Kiingereza, «just», ambalo Kiswahili hulieleza kwa «tu». Hapa pana fundo. Mtu akilitafsiri jina la santuri atasema «Siku Nyingine Tu ya Almasi», na Mswahili atasikia dharau: siku nyingine tu, haina jipya. Dharau hiyo imo hata katika Kiingereza, lakini almasi yaja baada yake na kuigeuza. Siku isiyo na jipya ndiyo almasi yenyewe. Anayelima hapati ila kazi nyingine ya kulima, na watoto wakala. Hayo ndiyo yote, na hayo yametosha. Jambo hili limesemwa bila kuhubiri, kwa kuweka maneno mawili yasiyopatana kando kando na kuyaacha yapatane yenyewe.

Tena katika wimbo huu hamna nafsi ya kwanza hata mara moja. Msikilizaji wa Kiswahili aweza kulipita jambo hili asilione, maana katika lugha yetu nafsi hujificha ndani ya kitenzi, silabi moja tu, na sikio halimshiki mwenye kusema kwa nguvu. Katika Kiingereza nafsi husimama peke yake, tena huandikwa kwa herufi kubwa. Wimbo wa Kiingereza usiokuwa na neno hilo ni wimbo ambao mwimbaji amejiondoa makusudi. Huyu ametoka mlangoni, ameacha mlango wazi, na shamba laonekana.

Sauti nayo yafanya kazi hiyo hiyo. Ni sauti nyembamba, ya chini, karibu na kunong'ona, isiyotetemeshwa wala kusukumwa. Wako waliosema kwamba ni sauti ya kitoto, na hukumu hiyo ilimwandama kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba wimbo wa bwawa la mayungiyungi, *Lily Pond*, umewekwa katika ile sauti ya kale ya Kifaransa inayojulikana duniani kote kwa wimbo wa nyota ya kumetameta, ambayo hata watoto wa shule zetu huijua, na ambayo Mozart aliitungia mageuzo ya piano. Lakini kuwaimbia watoto na kuimba kitoto ni mambo mawili. Mama abembelezaye mwana hana haja ya kupaza sauti, kwa kuwa anayemsikiliza yu mapajani mwake. Kipimo cha sauti ni umbali wa msikilizaji, na nyimbo hizi zimetungwa kwa ajili ya mtu aliyeketi upande wa pili wa moto. Anayezipima kwa ukumbi mkubwa amezipima kwa pishi isiyo yake.

Si zote zenye nguvu sawa. *Timothy Grub* umejaa mambo ya marafiki na wanyama wao, na asiyewajua abaki nje kama mgeni aliyeingia sebuleni watu wakicheka. Wimbo wa farasi ni mchangamfu, wala hautaki kuwa zaidi ya hapo. Kinyume chake *Rose Hip November* ni wimbo mzito: majira yamegeuka, matunda ya porini yamewiva, baridi yaja, na kinubi kimeingia kwa uangalifu mkubwa, kama mtu apitaye chumba alimolala mgonjwa. Kazi ya Robert Kirby katika *Swallow Song* na *Rainbow River* ni nzuri vile vile, kwa kuwa alijua kunyamaza. Ambapo wengine wamejaza, kwa fidla na banjo, santuri yaelekea kuwa kitu kingine, yaani ngoma ya kijijini, na sauti ya mwimbaji yarudi nyuma kidogo.

Hapo ndipo linapoingia swali la jina. Santuri hii imewekwa katika rafu ya nyimbo za jadi, na mtungaji wake huitwa mwimbaji wa jadi. Yeye mwenyewe amelikataa jina hilo mara nyingi. Hakuzipokea nyimbo hizi kutoka kwa wazee wa vijiji alivyopita; alizitunga. Hakuanza kazi yake katika vilabu vya waimbaji wa jadi bali katika biashara ya nyimbo za vijana mjini London, na alilolitaka ni kuimbwa na kusikiwa redioni. Ujadi wa santuri, kwa sehemu kubwa, umo katika ala zilizoizunguka na katika farasi. Kwa miaka 30 msikilizaji hakuwa na njia nyepesi ya kuupima ukweli wa maneno haya, kwa kuwa ushahidi ulikuwa kabatini.

Toleo la 2000 liliutoa ushahidi. Wimbo wa 15, *Love Song*, ulikuwa upande wa pili wa santuri ndogo ya 1966. Wa 16 ni *I'd Like to Walk Around in Your Mind*, na wa 17 ni *Winter Is Blue*. Hizi mbili zilibaki katika sahani za majaribio. Wa 18 ni toleo jingine la wimbo uliofunga santuri ya asili.

Anayetoka kwenye wimbo wa 14 na kuingia wa 15 hushtuka. Farasi ametoweka. Hapana shamba, hapana ndege, hapana bahari. Amebaki msichana mmoja na gitaa lake chumbani, na mtu mmoja ampendaye. Ile nafsi iliyokuwa imejiondoa sasa imejaa kila mahali. Katika wimbo wa 16 sentensi nyingi zaanza kwa nafsi ya kwanza, moja baada ya nyingine, na kinachotakiwa si cha upole: mwimbaji ataka kuingia akilini mwa mpenzi wake, ayakanyage maneno aliyomwambia, auruke ruke upweke wake, ampangue na kumpanga upya jinsi anavyomfikiria. Yote haya kwa sauti ile ile ya kunong'ona. Hapa wale waliosema ni sauti ya kitoto wapaswa kufikiri tena, maana kumbe kunong'ona kwaweza kubeba hasira, tena hasira yenye kicheko ndani yake, na mpenzi anayeambiwa maneno hayo kwa upole namna hiyo hana pa kujitetea.

*Winter Is Blue* ndiyo bora ya nyongeza, na pengine ni bora kuliko nusu ya santuri yenyewe. Msomaji wa Kiswahili ajihadhari na maneno mawili ya jina lake. Rangi ya buluu kwetu ni ya bahari na ya mbingu, haina huzuni. Kwa Waingereza yameza huzuni. Na majira ya baridi yasidhaniwe kuwa kipupwe. Kipupwe cha pwani ni wakati mwema, upepo mzuri, mwili haulemewi. Baridi ya huko hufanya miti ionekane imekufa. Wimbo wajengwa juu ya hoja moja, nayo ni kali: vilivyolala chini ya baridi vitaamka majira yakigeuka, lakini pendo lililokufa haliamki. Kwa hiyo majira hayamfariji mwenye huzuni; yamdhihaki. Kila chipukizi litakalotoka litamkumbusha kwamba yeye peke yake hana majira ya pili.

Sasa rudi kwenye *Rose Hip November* na kwenye wimbo wa kwanza, uzisikie tena. Majira ni yale yale, baridi ni ile ile, lakini hoja imepinduliwa. Mwanamke wa 1969 ayatazama majira yakigeuka na haoni dhihaka. Amelala nje, amewasha moto, amemlisha farasi, na mzunguko wa mwaka umekuwa kazi ya mikono yake. Aliyeisikia santuri ya 1970 peke yake aliweza kudhani kwamba utulivu huo ni tabia ya mtu asiyejua huzuni, msichana wa mjini aliyependezwa na maua. Lawama hiyo imetolewa, na bila nyongeza hizi ni vigumu kuijibu. Pamoja nazo yajibika: utulivu ule ulitafutwa, na kilichoachwa nyuma chaonekana. Wimbo wa kwanza ulijiondolea nafsi kwa kuwa nafsi ilikwisha kuimbwa, na gharama yake ilikwisha kulipwa.

Basi nyongeza imefaidi. Hata hivyo imetoza kitu. Santuri ya asili ilianza katika shamba lisilo na mtu mwenye jina, ikaishia katika wimbo uitwao *Iris's Song for Us*, ambao jina lake lenyewe lina neno la «sisi». Kutoka kusikokuwa na nafsi hadi nafsi ya wingi: huo ndio mwendo wake, na baada yake palikuwa kimya. Kimya hicho kilikuwa sehemu ya kazi. Msikilizaji wa santuri aliinua sindano, akakaa. Msikilizaji wa diski hapewi nafasi. Sekunde chache tu na amerudishwa London ya 1966, mahali ambapo mwimbaji alisafiri kwa miezi mingi ili kupaacha. Nyimbo za kwanza kwa tarehe zimewekwa mwisho kwa mpangilio, na hapo mhariri amefanya kinyume cha safari. Lau zingewekwa mbele, zingekuwa dibaji, lakini zingevunja haki ya santuri kuanza inapoanza. Hapakuwa na njia isiyo na hasara, isipokuwa kuzitoa peke yake, na hilo halikuwezekana wakati huo, maana ni nani angenunua nyimbo za mtu asiyejulikana? Mwaka 2007 liliwezekana: mkusanyo wa diski mbili wa kazi zake za 1964 hadi 1967 ulitolewa, na nyimbo hizi za ujana zikapata nyumba yao. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo aweza kuisikiliza santuri hadi wimbo wa 14, aizime, na kesho azisikilize nyingine. Afadhali afanye hivyo mara ya kwanza. Mara ya pili asizime.

Yafaa kutaja pia kwamba toleo la 2000 lilimrudisha mtungaji mwenyewe. Vijana wa muziki wa Marekani, Devendra Banhart na Joanna Newsom miongoni mwao, walimsikia na kumtafuta. Mwaka 2005 akatoa *Lookaftering*, ikisimamiwa na Max Richter, na mwaka 2014 *Heartleap*, ambayo kwa sehemu kubwa aliirekodi mwenyewe nyumbani. Mwaka 2022 akaandika kitabu juu ya ile safari ya gari la farasi. Wimbo wa kwanza wa santuri ulitumiwa hata kutangaza kampuni ya simu, na watu walioupuuza mwaka 1970, au watoto wao, wakawa waupiga miluzi barabarani bila kujua ni wa nani. Wenye kuchukia biashara walinung'unika. Lakini mtungaji aliyetaka tangu ujana kuimbwa na watu wapitao njiani hakuwa na sababu ya kunung'unika pamoja nao.

Lipo jambo moja zaidi katika mpango wa ile diski, nalo huenda ni la bahati au la akili. Wimbo wa 18, wa mwisho kabisa, ni ule ule wa 14 katika toleo jingine. Msikilizaji aliyetolewa kisiwani kwa nguvu na kupelekwa katika chumba cha msichana mwenye huzuni, akiisha kuusikia wimbo wa pendo lisiloamka, ainuliwa tena na kurudishwa Hebrides. Safari ile ndefu yafanyika mara ya pili, katika nafasi iliyo kati ya wimbo mmoja na mwingine, na wimbo wa mwisho umekuwa tena ule wa «sisi».